Sura ya Tano: Mikono na Daftari

Kabla Waingereza hawajafika nyanda za juu za Gusii, mtu aliyepigwa rungu kichwani akabaki na maumivu yasiyoisha alipelekwa kwa omobari. Huyo alikuwa mpasuaji wa vichwa. Ndugu walimshika mgonjwa mikono na miguu, omobari akapasua ngozi ya kichwa, akaitenga, akautafuta ufa kwenye mfupa. Hakutoboa fuvu kwa keekee wala hakulikata kwa msumeno. Alilikwangua kwa kisu kilichopinda, polepole, unga wa mfupa ukitoka kidogo kidogo, mpaka ufa ukaisha. Hapo akaacha. Kujua pa kuacha ndiyo ilikuwa kazi yenyewe, maana chini ya mfupa kuna utando, na chini ya utando kuna ubongo.

Usidhani hii ni hadithi ya kunogesha mazungumzo ya wazee. Edward Margetts, daktari wa magonjwa ya akili kutoka Kanada aliyeongoza hospitali ya Mathari, Nairobi, katika nusu ya pili ya miaka ya 1950, aliwachunguza ababari hawa, na maandishi yake marefu kuhusu kazi yao yakachapishwa mwaka 1967. Katika miaka ya 1980 madaktari wengine wakaandika ripoti yao. Wagonjwa walioelezwa humo walikuwa watu hai, baadhi yao wamekwanguliwa fuvu zaidi ya mara moja na bado wanaendelea na shughuli zao.

Nimeanzia kwa omobari kwa makusudi. Ukiwauliza wanafunzi wa Kisii na Nyamira wataje kazi za afya, watataja daktari, halafu muuguzi, halafu kimya. Na wengi wanaamini kazi hizo zililetwa kwenye meli pamoja na kwinini. Nataka msichana wa Sironga na mvulana wa Mosocho wajue kwamba kupasua kwa uangalifu, kumtazama mgonjwa na kusubiri apone si mambo mageni vijijini mwao. Lakini nataka pia waone alichokosa omobari. Mkono alikuwa nao, tena mkono ambao daktari wa leo angeuheshimu. Alichokosa ni daftari. Wangapi walipona, wangapi walizikwa wiki ya pili kwa usaha, ni kidonda cha aina gani kisichofaa kuguswa kabisa? Kila omobari alikuwa na majibu yake kichwani, akamrithisha mwanawe, na mwana akikosa hamu ya kazi ujuzi wote uliingia kaburini. Kosa la mmoja halikumfunza jirani yake.

Kazi zote utakazozisoma katika sura hii zina vitu hivyo viwili: mkono unaogusa mgonjwa na daftari linalobaki baada ya mgonjwa kwenda nyumbani. Kazi nyingine ni mkono zaidi, nyingine ni daftari zaidi. Hakuna ambayo ni kimoja tu.

Asubuhi ya Jumatatu katika zahanati

Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii, ambayo watu wa mjini bado wanaiita Level Five, ilianza mwaka 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ili kuwatibu askari wa Uingereza. Mji wenyewe ulikuwa umeshaonja vita hivyo Septemba 1914, Wajerumani walipouingia. Leo wagonjwa hufika hapo kutoka Nyamira, Migori, Homa Bay na hata Narok. Kuna Hospitali ya Rufaa ya Nyamira, kuna ya misheni ya Tabaka yenye chuo chake cha uuguzi, kuna Christamarianne mjini Kisii. Zote ni kubwa, na mwanafunzi anayeota kazi ya afya huota akiwa ndani ya mojawapo. Lakini hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuta wakazi 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 katika ile ya Nyamira, na wengi wao wakiugua huanzia kwingine kabisa: kwenye zahanati yenye vyumba vichache, paa la mabati na tangi la maji. Ukitaka kuijua kazi hii, anzia huko.

Chukua zahanati yoyote ya vilima vya Kitutu, Jumatatu, majira ya mvua ndefu. Benchi limejaa kabla ya saa mbili. Nyanya anasogea na mjukuu wa miaka miwili mgongoni.

"Bwakire, magokoro," muuguzi anamsalimu.

"Bwakire buya, sista. Huyu hajalala. Mwili moto usiku kucha, na jana alitapika uji wote."

"Ilianza lini?"

"Jumamosi, tulipotoka kanisani."

Muuguzi anampima mtoto joto na uzito, anamzungushia mkononi utepe wenye rangi tatu unaoonyesha kama lishe yake imepungua. Kisha anainua fulana ya mtoto, anatazama saa, ananyamaza. Anahesabu pumzi kwa dakika nzima. Mtoto wa umri huo akivuta pumzi mara 40 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, muuguzi anaanza kufikiria nimonia. Dakika moja inaonekana si kitu. Ukiwa na benchi zima linakukodolea macho utashawishika kuhesabu robo dakika na kuzidisha kwa nne, na pumzi za mtoto mdogo hazina mpangilio. Nyingine hukimbia, nyingine husita. Kule kuzidisha ndiko kunakomkosesha mtoto dawa.

Chumba cha pili yuko afisa wa kliniki. Magazeti yetu humwita tabibu, wagonjwa humwita daktari, naye amechoka kuwasahihisha. Amesoma stashahada ya miaka mitatu na kufanya kazi mwaka mmoja chini ya usimamizi hospitalini. Nchini Kenya ndiye anayewaona wagonjwa wengi wasiofika kwa daktari mwenye shahada. Maswali yake ni mafupi: mtoto ananyonya au kunywa? Anatapika kila kitu? Amepatwa na degedege? Analegea na kulala kupita kawaida? Jibu la ndiyo kwa lolote kati ya hayo matatu ya mwisho, au la hapana kwa lile la kwanza, lingebadilisha asubuhi yote. Mtoto angepewa dawa ya kwanza na kutafutiwa gari la kwenda hospitali. Hakuna dalili hiyo. Anampeleka maabara.

Mtaalamu wa maabara anapangusa kidole, anachoma, anakamua tone moja la damu na kuliweka kwenye kikasha cha plastiki kinachotoshea kiganjani. Anaongeza matone ya dawa. Halafu anasubiri, robo saa au zaidi kidogo, kama maelekezo ya kipimo yanavyosema. Mstari mmoja kwenye herufi C ni kwamba malaria haikuonekana. Mistari miwili ni malaria. Mstari wa C ukikosa, kipimo ni kibovu hata kama ule mwingine umetokea, na kazi inaanza upya na kidole kingine. Nyanya hatafurahi, ila afadhali nyanya anune.

Mistari ni miwili. Kwenye dirisha la dawa, mtoto wa kilo 11 anapewa kidonge kimoja mara mbili kwa siku, siku tatu, kimezwe pamoja na chakula. Cha pili ni baada ya saa nane tangu cha kwanza. Akitapika kabla ya nusu saa, apewe kingine. Mwenye dirisha hasomi maelezo haya kwenye karatasi. Anayasema kwa Ekegusii, kisha anamwomba nyanya ayarudie kwa maneno yake. Nyanya anakosea pale pa saa nane; wanarudia tena. Huyu ni mtaalamu wa famasia, na kama ungemwona ungedhani kazi yake ni kuhesabu vidonge. Kazi yake ni kuhakikisha kidonge cha sita kimemezwa siku ambayo mtoto ameshapona na anakimbiza kuku.

Mwisho wa yote, mstari mmoja unajazwa kwenye daftari la wagonjwa wa nje walio chini ya miaka mitano, lile ambalo wahudumu wanaliita MOH 204A: tarehe, umri, kijiji, kipimo, ugonjwa, dawa. Nyanya amekwenda. Daftari limebaki.

Bwana afya na mashimo ya matofali

Sasa turudi nyuma. Mwaka 1999 malaria iliwaka Gucha, wakati huo ikiwa wilaya, leo ikiwa sehemu ya Kaunti ya Kisii. Wagonjwa walifurika vituoni mpaka shirika la Madaktari Wasio na Mipaka likaja kusaidia kwa kliniki za kuhamahama.

Kwa nini huko juu, kwenye baridi? Kimelea cha malaria hukua ndani ya mbu, na hali ya hewa ikiwa baridi hukua polepole mno, kiasi kwamba mbu hufa kabla hakijakomaa. Ndiyo sababu wazee walijenga kwenye vilele wakayaacha mabonde. Lakini ukija msimu wenye mvua nyingi na joto lililopanda kidogo tu, kizuizi hicho huondoka. Na watu wa nyanda za juu, tofauti na majirani zao wa ufukwe wa Ziwa Victoria, hawajaumwa vya kutosha tangu utotoni hata miili yao ikajijengea kinga. Malaria ya ziwani huwaandama zaidi watoto wadogo. Ya mlipuko wa milimani huwaangusha watoto, mama zao na walimu wao wiki moja. Tena miaka ile dawa zilikuwa zinabadilika: klorokwini ilikuwa imeshindwa, serikali ikaiacha mwaka 1998 na kuchukua dawa ya salfa, nayo ikaanza kushindwa, hadi mwaka 2004 ilipoamuliwa kutumia dawa ya mseto ambayo mtoto wetu wa Kitutu ameipata.

Mlipuko wa namna hii hauonekani kutoka kwenye chumba cha daktari. Daktari anaona foleni ndefu, anasema leo ni Jumatatu. Anayeuona ni mtu aliyekusanya madaftari ya zahanati zote, akajumlisha mistari wiki kwa wiki, akachora chati na kuilinganisha na wiki hiyohiyo ya miaka iliyopita. Mstari ukivuka kiwango cha tahadhari, anapiga simu. Wiki mbili za kuchelewa zina maana ya makaburi. Mtu huyo anaweza kuwa mtaalamu wa kumbukumbu za afya, kazi ambayo sijawahi kumsikia mwanafunzi akiitaja bila kuchochewa, au afisa wa ufuatiliaji wa magonjwa, au mtaalamu wa takwimu mwenye shahada ya afya ya umma. Wote hulipwa ili wahesabu. Kama unapenda hesabu na huwezi kuvumilia harufu ya damu, tafadhali usiache kazi za afya. Nafasi yako ni hii.

Na simu hiyo inapigwa kwa nani? Miongoni mwa wengine, kwa afisa wa afya ya umma, ambaye vijijini anaitwa bwana afya hata akiwa mwanamke. Watoto wa shule humdhihaki kuwa ni mkaguzi wa vyoo. Ni kweli, anakagua vyoo, pamoja na mikahawa, visima na machinjio. Lakini mfuate bondeni uone. Mabonde ya Gusii yalikuwa na vinamasi vya mafunjo vilivyotoa kivuli na kuyapoza maji. Mashamba yalipozidi kuwa madogo watu wakayafyeka mafunjo hayo, wakalima hadi ukingo wa mto. Hapohapo vijana huchimba udongo wa matofali. Shimo likiachwa, mvua hulijaza. Maji ya juani, yasiyo na kivuli wala samaki, ndiyo mbu wa malaria anayoyatafuta ili atage. Watafiti wamekuta viluwiluwi vyake kwenye mashimo ya matofali nyanda za juu za magharibi mwa Kenya. Bwana afya anajua hayo, na anajua pia kwamba matofali ndiyo karo ya shule ya nyumba ile. Hawezi kufika na polisi. Anakaa na vijana, wanakubaliana kuchimba shimo moja na kulifukia kabla ya kuchimba jingine, au kumwaga maji kila wiki kabla viluwiluwi havijawa mbu. Kazi ya namna hiyo haina koti jeupe, na mtu aliyeokolewa nayo hajui kwamba aliokolewa, kwa hiyo hatakuja na kuku wa shukrani.

Tabaka kuna kisa kingine cha aina hiyo. Jiwe la Kisii, lile linalochongwa vifaru na vinyago vya kuuzwa hadi Ulaya, hutoa vumbi laini linalokaa mapafuni. Hospitali ya misheni iko papo hapo. Mchongaji mwenye kikohozi atapewa dawa, arudi kwenye msasa, arudi tena hospitali. Anayeweza kuukata mzunguko huo ni mtu wa afya kazini, anayeshawishi watu kulainisha jiwe likiwa limelowa maji na kuziba pua na mdomo kwa kinga inayofaa. Sijui kwa nini vijana wa Tabaka hawaisomei kazi hii kwa wingi. Wangekuwa wanawatibu baba zao.

Chini ya wote hao yuko mhudumu wa afya ya jamii. Septemba 2023 serikali ilizindua kikosi cha zaidi ya wahudumu 100,000 nchi nzima, kila mmoja akikabidhiwa takriban nyumba 100, begi lenye kipimo cha shinikizo la damu, cha sukari, cha joto, mizani na simu ya kuingizia taarifa. Posho iliyotangazwa ilikuwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu, nusu kutoka kaunti. Si mshahara wa kujengea nyumba, na sitamdanganya mtu. Lakini yeye ndiye mtu wa kwanza kujua kwamba mama wa nyumba ya nne amekosa kliniki, na daftari lake, ambalo sasa limo kwenye simu, ndilo linaloanza mapema kuliko yote.

Mstari usioandikwa

Kuna jambo ambalo vitabu vya kuwahimiza vijana huliruka. Sitaliruka, kwa sababu limetokea Kisii na Nyamira kuliko karibu kila mahali pengine nchini, na kwa sababu waliolifanya walikuwa na vyeti.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2008–09 ulikuta kwamba kati ya kila wanawake 100 wa jamii ya Abagusii wenye umri wa miaka 15 hadi 49, 96 walikuwa wamekeketwa. Ule wa 2014 ulikuta 84. Ni upungufu, na wasichana na mama waliokataa wanastahili sifa kwa huo. Lakini nyuma ya tarakimu hizo kulikuwa na badiliko lingine: kisu kilikuwa kimehama. Mwaka 2004 watafiti wa shirika la Population Council walichapisha ripoti nzima juu ya namna ukeketaji katika Gusii ulivyochukuliwa na wahudumu wa afya. Ngariba mzee akaachwa. Akaitwa muuguzi, au afisa wa kliniki, au mhudumu aliyestaafu, aje na sindano ya ganzi, glavu na wembe mpya. Wazazi waliona wamefanya jambo la kisasa. Walikuwa wamesikia miaka mingi kwamba ukeketaji ni hatari kwa sababu ya kutokwa damu na maambukizi, basi wakaondoa damu na maambukizi na kuubakiza ukeketaji. Watu wa afya waliofundisha hivyo walijitakia. Walihubiri habari ya uchafu wa wembe wakasahau kuhubiri habari ya mtoto.

Sheria ya Kupiga Marufuku Ukeketaji ya mwaka 2011 imeweka kifungo kisichopungua miaka mitatu au faini isiyopungua shilingi 200,000, na kifungo cha maisha iwapo msichana atakufa. Na kuna maneno ndani yake ambayo kila mwanafunzi wa uuguzi na ukunga anapaswa kuyajua kabla ya kuvaa sare: kosa hilo linamhusu hata mtu aliye bado mafunzoni, chini ya usimamizi wa daktari au mkunga. Huwezi kusema mwalimu wangu aliniagiza. Mwaka 2017 daktari mmoja alikwenda mahakamani akitaka sheria hiyo ifutwe, akidai mwanamke mzima ana haki ya kuchagua. Mahakama Kuu iliikataa hoja yake Machi 2021.

Mlinganishe muuguzi anayekubali kukeketa na omobari. Omobari hakuwa na cheti, lakini alifanya kazi mbele ya ndugu wa mgonjwa, kwa ajili ya mtu aliyekuwa anaumwa. Muuguzi anafanya nyumbani mwa watu, Disemba, mapazia yameshushwa, kwa mtoto ambaye haumwi chochote. Mkono wake umefunzwa vizuri kuliko wa omobari. Daftari je? Hakuna MOH ya kuandika hilo. Ukijikuta siku moja unatumia ujuzi wako kwa kazi ambayo huwezi kuiandika kwenye daftari la kituo chako na kutia sahihi, weka vifaa chini, uondoke. Najua pesa yake ni ya papo hapo na anayeomba ni shangazi yako. Ondoka hivyohivyo.

Nitaje pia wazee, ambao vitabu hivyo navyo huwaruka. Oktoba 2021, huko Marani, wanawake wanne wa umri mkubwa waliuawa na umati uliowaita wachawi. Hawakuwa wa kwanza katika eneo hilo. Sisemi kwamba kila anayeshukiwa ana ugonjwa. Wengi hawana ugonjwa wowote, wana shamba ambalo mtu analitaka. Lakini maradhi ya kusahau uzeeni humfanya mtu atembee usiku, apotee njia, asijue mlango wa nyumba yake, na katika kijiji kinachoogopa uchawi, bibi aliyekutwa uani kwa jirani usiku wa manane yuko hatarini. Muuguzi wa afya ya akili, au mhudumu wa jamii aliyefundishwa kuitambua hali hiyo na kuwaeleza majirani mchana kweupe, anaweza kuzuia mauaji. Sidhani kuna tawi la afya lenye kazi nyingi zaidi na waombaji wachache zaidi kuliko hili.

Njia na gharama

Kuhusu namna ya kuingia nitasema machache, maana masharti hubadilika na tovuti ya KUCCPS, wanaopanga nafasi za vyuo, itakuambia ya mwaka wako. Chini ya mtihani wa KCSE, stashahada ya uuguzi au ya tiba ya kliniki katika Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya (KMTC) imekuwa ikidai wastani wa C, na baiolojia na lugha zikiwa C pia. KMTC, yenye mizizi tangu 1927, ina kampasi Kisii na Nyamira. Chuo Kikuu cha Kisii, kilichopata hati yake kamili 2013, kinafundisha sayansi za afya. Shahada ya udaktari ni miaka sita na mwaka wa uanagenzi. Ukiwa katika mtaala mpya, mkondo wa sayansi katika shule ya upili ndio unaoelekea huko. Usiiache kemia kwa sababu mwalimu wake ni mkali.

Jambo moja nitalikazia. Kabla mzazi hajauza ng'ombe, piga simu kwa baraza linalosajili kazi unayoitaka uulize kama chuo kile kimeidhinishwa kufundisha kozi ile. Wauguzi wana baraza lao, maafisa wa kliniki lao, watu wa maabara bodi yao, maafisa wa afya ya umma lao, famasia bodi yake. Kibali cha chuo na kibali cha kozi ni vitu viwili. Kuna vijana waliosoma miaka mitatu, wakafaulu, kisha wakaambiwa hawawezi kufanya mtihani wa leseni. Pesa haikurudi.

Halafu kuna ajira. Tangu mwaka 2013 wengi wa wahudumu wa hospitali za umma wanaajiriwa na kaunti, na kaunti hazina pesa ya kuwaajiri wote wanaohitimu ingawa benchi la wagonjwa halipungui. Madaktari waligoma siku 100 kuanzia Disemba 2016, wauguzi karibu miezi mitano mwaka 2017, madaktari tena siku 56 mwaka 2024, mara hii suala kubwa likiwa malipo ya wanagenzi. Mtu akikuambia soma uuguzi, kazi inakusubiri mlangoni, ameacha kusoma magazeti. Wengine huenda hospitali za misheni, mashirika, maduka ya dawa. Wengine Uingereza, ambayo ilitia saini mkataba wa wahudumu wa afya na Kenya mwaka 2021, au nchi za Ghuba. Sitawalaumu. Lakini naona afadhali ujue hayo ukiwa bado shule ya upili kuliko kuyajua ukiwa na leseni mkononi na deni la mkopo wa masomo wa HELB mgongoni.

Kwa hiyo usichague kwa jina la kazi. Likizo ijayo nenda kwenye zahanati iliyo karibu na kwenu, siku ya kliniki ya watoto, umwombe msimamizi wa kituo ruhusa ya kusaidia kupanga foleni na kubeba mafaili. Fika kabla ya saa mbili, ukae mpaka dirisha la dawa lifungwe. Usipige picha, usitaje nje jina la mgonjwa yeyote. Jioni, kama atakubali, mwombe mtu wa kumbukumbu akuonyeshe anavyojumlisha mistari ya siku nzima bila kukufunulia ya nani ni ya nani. Kisha ndipo ujaze fomu.